Msitu wa Mlimani Husomwa Chini ya Goti

Mwaka 1397 wakazi wa Andermatt, kijiji kilicho katika milima ya Alpi nchini Uswisi, waliwekeana hati: msitu ulio juu ya nyumba zao usiguswe na shoka la mtu yeyote. Hawakuwa wakipenda mandhari. Msitu ule ndio uliozuia theluji isiwaporomokee usiku wakiwa wamelala. Hati hiyo hutajwa hadi leo kama ushahidi kwamba uhifadhi wa misitu ni fikra ya kale, na ni kweli. Mimi huisoma kwa jicho jingine. Marufuku ya shoka humlinda mti aliyepo, lakini haioteshi mche. Mti usiokatwa nao huzeeka, huoza moyo na kuanguka siku ya upepo, na ikiwa chini yake hapakuwa na mwingine uliokuwa ukingoja zamu, hati ya kijiji inabaki kulinda kilima kitupu.

Pengo hilo la miaka mia sita bado tunalo. Takwimu za misitu huhesabu hekta zilizofunikwa, ujazo wa mbao uliosimama na, siku hizi, tani za kaboni. Vyote vitatu ni vipimo vya miti mikubwa, yaani vya mambo yaliyoamuliwa karne moja au mbili zilizopita. Mteremko unaweza kuonekana wa kijani kibichi kwenye picha ya setilaiti na huku chini hakuna mche hata mmoja wa ule mti unaoupa rangi. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika misitu ya miti ya koni ya milimani, swali la kwanza la bwana misitu, la wizara na la mfadhili liwe hili: nini kinaota chini, ni cha aina gani, na kinafika kimo gani kabla hakijafa? Mengine yafuate.

Katika makala haya msprusi ni mti wa jenasi ya Picea, mfiri ni Abies na msonobari ni Pinus. Kwa mbali yote inafanana, majani ya sindano na koni, na watu wengi huiita kwa jina moja. Tabia zao za kuzaliana zimeachana mbali sana, na hapo ndipo siasa nzima ya misitu hii ilipo.

Chukua miteremko ya juu ya milima ya Rocky, Marekani na Kanada. Huko mfiri wa Abies lasiocarpa na msprusi wa Picea engelmannii huishi pamoja. Ukihesabu miti minene, msprusi unatawala. Ukiinama ukahesabu maotea, yaani miche iliyoota yenyewe, mfiri unaupita msprusi kwa mbali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataandika kwamba msprusi unatoweka na mfiri unachukua nchi, na atakuwa amekosea. Mbegu ya mfiri ni kubwa, mzizi wake wa kwanza hupenya takataka nene za majani ya sindano, na mche wake huvumilia kivuli. Mbegu ya msprusi ni ndogo, mzizi wake hukauka kabla haujafika kwenye udongo wenye unyevu, kwa hiyo huhitaji udongo uliofunuka au gogo lililooza. Lakini msprusi ukishapona huishi hata zaidi ya miaka mia tano, na mfiri hufa mapema zaidi. Mmoja huzaa wengi wanaokufa haraka, mwingine huzaa wachache wanaodumu, na mizani husimama hivyo kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo ninaposema tuhesabu maotea, sisemi tuhesabu vichwa tu. Mwaka 1898 Mfaransa aitwaye de Liocourt, aliyekuwa akichunguza misitu ya mifiri, alionyesha kwamba msitu wenye miti ya rika zote una miti myembamba mingi sana na minene michache, na kwamba idadi hupungua kwa mpangilio karibu uleule kila unapopanda daraja la unene. Mchoro wake bado unafundishwa, na mara nyingi unafundishwa vibaya, kana kwamba kila aina ya mti lazima ifuate mkunjo huo kila mwaka. Si lazima. Ule msonobari wa milima ya California, Nevada na Utah, Pinus longaeva, ambao baadhi ya miti yake imepita miaka 4,000, hauhitaji kupata mche kila muongo. Miche michache iliyopona katika karne nzima inatosha. Ukikuta hakuna maotea chini yake mwaka huu, hujakuta msiba. Ukikuta hakuna maotea chini ya mti unaoishi miaka mia na hamsini, na miti yote iliyosimama ina miaka mia na ishirini, hapo una haki ya kupiga yowe. Umri wa mti ndio unaoamua kama ukimya wa chini ni mapumziko au ni mwisho.

Tuje kwenye kitanda cha mbegu, maana hapa ndipo wasimamizi wengi wanapokosea. Mtu anapoingia msitu wa misprusi wa juu milimani na kuona magogo yamelala ovyo, mengine yamefunikwa na kuvumwani, mengine yakimeguka mkononi, hisia ya kwanza ni kusafisha. Gogo lililooza huonekana ni uchafu, au ni kuni, au ni chumba cha wadudu. Ukweli ni kwamba katika misitu mingi ya aina hiyo, gogo ndilo kitalu. Linainuka juu ya magugu marefu ya kiangazi. Theluji huyeyuka juu yake mapema kuliko bondeni, na hilo ni jambo la uhai na kifo, kwa sababu kuna kuvu mweusi, Herpotrichia, anayeua miche inayokaa muda mrefu chini ya theluji yenye maji. Gogo hushika unyevu kama sifongo. Misprusi ya Alpi na ya milima ya Tatra huota juu ya magogo na visiki kwa wingi usiolingana kabisa na eneo dogo ambalo magogo hayo hulifunika. Kule Japani hali ni kali zaidi: sakafu ya misitu mingi ya milimani imefunikwa na mianzi mifupi ya Sasa, mnene kiasi kwamba mwanga haufiki chini, na kwa misprusi ya huko gogo lililoinuka juu ya mianzi mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuingia duniani.

Tatizo la gogo ni saa yake. Mti ukianguka leo, mbao yake hailainiki ya kutosha kupokea mzizi hadi ipite miongo kadhaa. Maana yake, gogo linalolea miche leo lilianguka wakati wa utawala wa mkuu wa misitu ambaye huenda amekwisha kufa, na linaloanguka leo litafaa wakati wa mrithi wa mrithi wa aliyepo. Hakuna bajeti ya miaka mitano inayoweza kuliona hilo. Msimamizi anayeondoa magogo yote hapati adhabu yoyote katika kipindi chake, na anayeyaacha hapati sifa. Sijui namna bora zaidi ya kutengeneza uamuzi mbaya kuliko kuweka faida na hasara mbali hivyo na mtu anayeamua.

Kuna msitu unaoonyesha yote haya kwa macho. Kwenye mlima Shimagare, katika safu ya Yatsugatake ya Japani, mifiri hufa kwa mistari. Ukitazama kutoka mbali unaona mkanda wa miti mikavu myeupe, nyuma yake mkanda wa kijani wa miche, kisha mkanda wa miti ya kimo cha kati, kisha mikubwa, kisha tena mkanda mweupe. Upepo hupiga ukingo ulio wazi, miti ya ukingoni hufa, inayofuata inabaki wazi nayo hupigwa, na mstari wa kifo husonga polepole kufuata mwelekeo wa upepo. Miche iliyokuwa ikingoja kivulini hupata mwanga na kusimama. Mifiri ya Abies balsamea kaskazini mashariki mwa Marekani hufanya vivyo hivyo. Mgeni akipiga picha ya mkanda mweupe atasema msitu unakufa. Akipiga picha ya mkanda unaofuata atasema umepandwa jana. Wote wawili wamepiga picha msitu mmoja wenye afya.

Moto ni somo lililogharimu zaidi. Mwaka 1910 moto mkubwa uliteketeza takriban ekari milioni tatu huko Idaho, Montana na Washington, na Idara ya Misitu ya Marekani ikatoka katika msiba ule ikiwa na imani moja: kila moto ni adui. Mwaka 1935 ikaweka kanuni kwamba moto wowote uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kama kipimo ni miti iliyosimama, kanuni hiyo ilifaulu vizuri sana. Miti iliongezeka. Swali ambalo halikuulizwa ni: miti gani?

Katika milima ya Sierra Nevada, California, ndiko inakoota sekuoya kubwa, Sequoiadendron giganteum. Koni zake hubaki zimefumba mtini hata miaka ishirini, zikingoja joto la moto lizifungue. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba kilo moja ina karibu mbegu 200,000. Mbegu hiyo ikidondoka juu ya takataka nene haina nguvu ya kufika kwenye udongo. Moto hufanya kazi tatu kwa mpigo: hufungua koni, huchoma takataka hadi udongo uonekane, na huua baadhi ya miti ya jirani ili jua lipenye. Kwa miongo mingi moto ulizimwa, na chini ya majitu yale ikajaa miche ya mfiri mweupe, Abies concolor, inayovumilia kivuli. Katika miaka ya 1960 Richard Hartesveldt na wenzake walipofanya majaribio ya kuchoma na kufukua udongo, miche ya sekuoya ikatokea, na mwishoni mwa muongo huo hifadhi za huko zikaanza kuwasha moto kwa mpango. Lakini maeneo mengi hayakufikiwa. Ile mifiri ya kivulini ikawa ngazi ya kuupandisha moto hadi vileleni. Mwaka 2020 moto wa Castle uliua, kwa makadirio rasmi, kati ya asilimia 10 na 14 ya miti minene yote ya sekuoya katika makazi yake ya asili. Mabadiliko ya rika la chini, ambayo watu waliyaona kwa nusu karne wakayaita kijani, yalikuja kulipwa kwa miti ya miaka elfu na zaidi.

Nisieleweke kwamba moto ni dawa ya kila mahali. Wapenzi wa moto nao wana ushabiki wao. Msonobari wa Pinus ponderosa huko Arizona ulizoea moto mwepesi wa nyasi kila baada ya miaka michache, moto uliokula miche mingi na kuacha michache. Mifugo ilipokula nyasi, moto ukakosa njia. Kisha ikaja bahati ya nadra: mbegu nyingi mwaka 1918, na mwaka 1919 mvua nzuri. Miche ikaota kama nywele. Wanamisitu wa kituo cha Fort Valley karibu na Flagstaff, kilichoanzishwa 1908, walikuwa na wasiwasi kwamba msonobari huo hauzai vya kutosha, na ghafla wakawa na vichaka ambavyo hadi leo ni mzigo: vijiti vyembamba vya umri mmoja vilivyosongamana, vinavyonyang'anyana maji na kuungua pamoja. Wingi wa maotea nao waweza kuwa ugonjwa. Kilichokosekana pale hakikuwa uzazi, kilikosekana kichujio.

Na Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, mwaka 1988? Moto ulipita katika takriban asilimia 36 ya hifadhi, na televisheni zikatangaza mazishi. Msonobari wa Pinus contorta una miti yenye koni zilizofungwa kwa utomvu unaoyeyuka joto likifika nyuzi 45 hadi 60 hivi. Monica Turner na wenzake waliohesabu miche baada ya moto walikuta tofauti ya ajabu: mahali pengine sifuri, pengine zaidi ya miche 500,000 kwa hekta moja. Tofauti hiyo haikutokana na juhudi za binadamu. Ilitokana na miti iliyokuwepo kabla, ilikuwa na koni za kufunga kiasi gani, na moto ulikuwa mkali kiasi gani. Muundo wa msitu wa jana uliandika msitu wa leo, na hakuna aliyepanda kitu. Halafu mwaka 2016 moto ukarudi juu ya misitu michanga iliyozaliwa na mioto ya 1988 na 2000. Safari hii miti ilikuwa haijajaza koni za kutosha, na idadi ya miche ikashuka mara sita. Mti uleule, mlima uleule, moto uleule, ila muda kati ya moto na moto umefupishwa.

Baada ya moto, mdomo. Mfiri mweupe wa Ulaya, Abies alba, ni mti wenye subira kuliko yote ninayoijua: mche wake waweza kukaa kivulini miaka mia moja, mwembamba kama kidole, ukingoja jirani aanguke. Subira hiyo ndiyo inayouponza. Muda wote huo kichipukizi chake cha juu kiko kwenye kimo cha mdomo wa paa na kulungu, nao humpenda mfiri kuliko msprusi. Matokeo yake msitu uliokuwa na mifiri, misprusi na mibichi (miti ya majani mapana ya jenasi ya Fagus) unakuja kuzaa misprusi mitupu, bila mtu yeyote kuamua hivyo. Ukitaka kuona uamuzi ulifanywa na nani, jenga uzio wa mita chache, ngoja miaka michache, linganisha ndani na nje. Jaribio hilo limefanywa mara nyingi katika Alpi na katika misitu ya Ujerumani, na linawaudhi wawindaji kwa sababu linaonyesha kwamba idadi ya wanyama wanayoitaka wao ndiyo inayochagua aina ya miti. Wanaotengeneza sera ya misitu bila kuigusa sera ya uwindaji, au ya malisho, wanapoteza wino.

Kwingine anayechagua ni ndege. Msonobari wa Pinus albicaulis, wa vilele vya magharibi mwa Amerika Kaskazini, una koni zisizofunguka zenyewe na mbegu zisizo na bawa. Hutegemea ndege mmoja wa jamii ya kunguru anayezifukia mbegu ardhini kwa makumi ya maelfu kila msimu, sentimita mbili tatu chini, kisha husahau au huacha sehemu yake. Ugonjwa wa kutu unaoumaliza msonobari huo ulifika pwani ya magharibi mwaka 1910, huko Vancouver, ndani ya shehena ya miche ya misonobari iliyoagizwa kutoka Ufaransa kwa ajili ya kupandwa. Mwishoni mwa 2022 serikali ya Marekani iliuweka mti huo katika orodha ya viumbe walio hatarini. Miti ikipungua, koni hupungua; koni zikipungua, ndege huhamia kwingine, na hata miti iliyo hai hubaki bila mpandaji.

Kwenye milima ya Afrika, miti ya koni ya asili ni michache kwa aina, lakini somo ni lilelile. Mtarakwa, Juniperus procera, unapatikana kutoka milima ya Arabuni hadi Zimbabwe, na ni mti pekee wa jenasi yake unaoota kwa asili kusini mwa ikweta. Unapenda miteremko mikavu, kama ile ya kaskazini na magharibi mwa Mlima Kenya, na ni mti wa mwanga: chini ya kivuli chake mwenyewe hauzai vizuri. Husubiri moto au mfunuko mkubwa. Podo, mti mwingine wa koni wa milima hii, kinyume chake huvumilia kivuli na mbegu zake husambazwa na ndege, popo na nyani. Ukiuacha msitu wa mitarakwa bila kuguswa kwa muda mrefu, chini yake huja podo na miti ya majani mapana, na mtarakwa hubaki juu kama wazee wasio na watoto. Ukiuchoma mara kwa mara na kuingiza ng'ombe, unapoteza vyote viwili. Tena kuna jambo ambalo hesabu za kawaida hazilioni kabisa: mtarakwa na podo vina miti dume na miti jike. Wakataji wanapochagua mashina manyoofu ya nguzo bila kujua jinsia, wanaweza kuacha shamba la madume. Miti mia moja imesimama, kwenye daftari msitu upo, na mbegu hakuna.

Hapo ndipo ninapogombana na utamaduni wa kampeni. Kila msitu ukiungua au ukishambuliwa na wadudu, jibu la kwanza la umma ni kupanda, na kipimo cha kupanda ni idadi ya miche iliyotiwa ardhini. Mwaka 1983 dhoruba iliangusha misprusi mingi katika Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria, iliyoanzishwa 1970. Waziri aliyehusika, Hans Eisenmann, aliamua miti ile iachwe ilale, wala isiondolewe. Wadudu wa magome, wale mbawakawa wanaoitwa Ips typographus, walizaliana, na katika miaka ya 1990 misprusi ya maelfu ya hekta ilikauka kwenye miteremko ya milima ya Lusen na Rachel. Wanavijiji walikasirika, na hasira yao ilikuwa na sababu: kilima cha kijani cha utotoni mwao kiligeuka kijivu. Lakini chini ya mifu ile, misprusi michanga iliyokuwa ikingoja ikainuka, na miti ya Sorbus iliyoletwa na ndege ikachanganyika nayo. Leo kuna msitu mchanga ambao haukupangwa kwa kamba, wenye rika na nafasi zisizolingana, na mambo hayo mawili ndiyo yanayowapa wadudu kazi ngumu zaidi. Kikosi cha upandaji kingeweza kuleta misprusi ya umri mmoja kwa mistari, yaani chakula cha wadudu wale wale baada ya miaka themanini.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipita kwa kejeli. Karibu nusu ya misitu ya Uswisi inahesabiwa kuwa ya kinga dhidi ya maporomoko ya theluji, mawe na udongo. Juu ya kijiji huwezi kusema tungoje miaka thelathini. Miti iliyokufa ikisimama au ikilala hushikilia theluji kwa muda, lakini huoza, na kuna kipindi hatari ambapo miti ya zamani imelegea na mipya haijafika kimo. Pale kupanda ni wajibu, kwa vizuizi vya mbao juu ya kila kundi la miche ikibidi. Vilevile pale ambapo hakuna tena mti mzazi karibu. Mbegu nyingi za miti hii hudondoka ndani ya mita mia moja au mbili kutoka kwa mzazi, kwa hiyo katikati ya eneo kubwa lililoungua kabisa hakuna cha kungoja. Mwaka 2023 mamlaka ya hifadhi za taifa ya Marekani iliamua kupanda sekuoya katika baadhi ya maeneo yaliyoungua vibaya, na wapinzani wakasema miche ya asili ipo. Nilichokipenda katika ugomvi huo ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana kuhusu hesabu ya maotea. Huo ni ubishi wa maana.

Na hali ya hewa inazidisha ugumu. Mti mzima una mizizi mirefu na unaweza kuishi mahali ambapo mtoto wake hawezi tena. Katika misitu ya ponderosa na ya Pseudotsuga, mti mwingine wa koni, iliyo sehemu za chini za milima huko magharibi mwa Marekani, watafiti waliochunguza miche iliyoota baada ya moto wameonyesha kwamba baadhi ya maeneo yamevuka kiwango cha ukavu ambacho mche wa aina hizo unaweza kuvumilia. Juu ya mlima miti mizee inasimama imara kwa hali ya hewa ya babu zetu. Moto mmoja ukipita, msitu haurudi, na watu watasema moto ndio ulioua. Moto ulitangaza tu kifo kilichokwisha kutokea kwenye udongo wa juu, sentimita tano za kwanza, ambako mizizi ya mwaka wa kwanza hukauka mwezi wa Julai. Mahali kama hapo kuotesha tena aina ileile ni kutupa fedha. Inabidi kuuliza ni aina gani ya chini ya mlima, au ya upande mkavu, inayoweza kupanda juu.

Zana za kupima haya zipo tangu zamani. Huko Couvet, katika jimbo la Neuchâtel nchini Uswisi, Henry Biolley alianza mwaka 1890 kuhesabu miti yote ya msitu wa mifiri, misprusi na mibichi, kisha kurudia hesabu kila baada ya miaka michache, na kukata kulingana na kile hesabu ilichosema. Hakuwa na setilaiti. Alikuwa na kipimo cha unene, daftari, na ukaidi wa kurudi mahali palepale. Nikipewa nafasi ya kuandika sharti moja katika kila mkataba wa fedha za misitu ya milimani, ningeandika hivi: malipo ya mwisho yasitolewe kwa idadi ya miche iliyopandwa, wala kwa hekta zilizozungushiwa uzio, mpaka ihesabiwe miche iliyovuka kimo cha kifua, aina kwa aina, ikitenganishwa iliyopandwa na iliyoota yenyewe, katika mwaka wa kumi na tena wa ishirini. Mfadhili asiyeweza kungoja muda huo aweke fedha zake kwenye mazao ya msimu.